Saa Nane, Chumba cha Ngazini

Tulimwita Mama Ratiba, naye hakulikataa jina hilo, ingawa hakuwa amezaa mtoto. Kazi yake ilikuwa kupanga vikao vya kongamano la watengeneza programu za kompyuta, lile linalofanyika kila mwaka kwenye jengo letu la mikutano: nani azungumze lini, chumba gani, amfuate nani, kabla ya chai au baada ya chai. Mimi ni fundi wa sauti. Nimekaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi mkubwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na niseme ukweli, wazungumzaji nimewachoka. Anakuja msomi mzima, anagonga kipaza sauti kwa kidole, anauliza kama kinasikika, kisha anakishusha mpaka kifuani na kuanza kuzungumza na tai yake. Mama Ratiba sikuwahi kumchoka. Nilimwonea huruma.

Mtu wa wasiwasi kuliko yeye sijamwona. Kongamano likikaribia, alikuwa hakai. Alihesabu viti vilivyokwisha kuhesabiwa, akafungua na kufunga milango kuona kama italia katikati ya hotuba, akapanda ngazi mwenyewe kujua mtu mnene anatumia muda gani kutoka ukumbini hadi vyumba vya juu.

"Fundi, projekta imepona?" angeniuliza.

"Haikuwa inaumwa, mama."

"Na ikiumwa kesho?"

Tulimtania kwamba hata siku ya kiama atataka kujua nani anatangulia na nani anafuata. Alicheka na sisi, halafu akarudi kuhesabu viti.

Ofisini kwake ukuta mzima ulikuwa kadi. Kila kikao kilikuwa na kadi yake, na kila kadi rangi yake: bluu kwa mambo ya usalama wa mitandao, kijani kwa programu za simu, njano kwa wanaoanza. Watengeneza programu walimcheka sana kwa kadi hizo. Mwaka mmoja wakamletea programu ya kupanga ratiba, ikapanga kweli, upesi ajabu, ikamweka mtu mmoja vyumba viwili saa ileile na mada zote nzito zikaangukia baada ya chakula. "Kompyuta haijui kwamba watu hushiba," Mama Ratiba alisema, akarudi kwenye ukuta wake.

Alikuwa na kanuni zake. Mada mbili zinazotakiwa na watu walewale usizigonganishe. Mzungumzaji mwenye sauti kubwa usimweke penye ukuta mwembamba. Na ya tatu ilikuwa namna ya kumficha mtu. Maana kila kongamano lina kikao kibovu ambacho hamuwezi kukikataa: jamaa wa mdhamini, au mkubwa fulani aliyezoea kupigiwa makofi. Huyo unampa saa nane mchana, watu wakiwa wameshiba, katika chumba cha ngazini, kile kilichobanwa kati ya ngazi na jiko, na ukumbini saa hiyohiyo unamweka yule ambaye kila mtu amekuja kumsikia. Mkubwa atazungumza na watu wachache wanaosinzia, atarudi nyumbani ameridhika, na hakuna aliyeumia.

"Huo si ubaya," alizoea kusema. "Ni stara."

Alitusimulia sisi, na alisimulia nyumbani kwake pia, mezani, akiigiza wakubwa wale wanavyozungumza na viti vitupu. Na nyumbani alikuwa na mtu mmoja wa kumsikiliza: mdogo wake, tuliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama huyo alifariki Kitinda akiwa bado darasa la chini. Dada mtu, kifungua mimba, akaacha masomo, akaingia kazini, akamlea. Alimfulia sare, akasimama kwenye mikutano ya wazazi katikati ya wanawake waliomzidi umri mara mbili, akamsomesha mpaka akawa mtengeneza programu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema wahenga, lakini wahenga hawakumwona dada huyu siku Kitinda anapopata mafua.

Kitinda ni mtu wa maneno machache. Alikuwa ametengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za dawa kwenye zahanati ambako mtandao unakatika kila mara: mtandao ukienda, kazi inaendelea, na ukirudi kila kitu kinajipatanisha chenyewe bila dawa kuandikwa mara mbili. Mimi si mtu wa kompyuta, ila hilo nililielewa.

Mwaka juzi alipewa ukumbi mkubwa kuieleza. Nilikuwa kibandani. Alianza vizuri, akaendelea vizuri, kisha katikati ya sentensi akanyamaza. Mdomo wazi, macho mbele. Niliongeza sauti, kana kwamba sauti ilikuwepo ikakosa nguvu tu. Watu wakangoja kwa adabu, halafu mmoja mmoja wakaanza kutazama simu zao, jambo ambalo ni baya kuliko kuzomea. Mama Ratiba akatoka mlangoni karibu anakimbia, akapanda jukwaani, akasema chai iko tayari mapema leo, akamshika mdogo wake mkono wakashuka. Tangu siku hiyo Kitinda hakuzungumza mbele ya watu, hata kwenye mikutano ya kazini kwake.

Sasa, kamati ya kongamano huchagua mada bila kuona majina. Wanasoma maelezo, wanatoa alama, na majina hufunguliwa mwisho, ili mtu asibebwe wala asionewe. Mwaka huu majina yalipofunguliwa, mada iliyoshika nafasi ya juu kabisa ilikuwa ya Kitinda. Alikuwa ameipeleka bila kumwambia dada yake.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye tabia ya kusinzia katikati ya sentensi zake mwenyewe, siku hiyo alikuwa macho. "Hii iwe ukumbi mkubwa," alisema. "Asubuhi, watu wakiwa na akili mpya."

"Nitaangalia nafasi," alijibu Mama Ratiba.

Akaja moja kwa moja kibandani kwangu.

"Amechaguliwa," alisema.

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Wewe si ulikuwepo mwaka juzi?"

"Nilikuwepo."

"Basi usinipe hongera."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa ameona msitu mzima. Hakula vizuri wiki hiyo. Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wake, kadi ya Kitinda mkononi, anaibandika asubuhi, anaibandua, anaibandika alasiri, anaibandua. Mwisho akaiweka mahali na kuikandamiza kwa kiganja kama mtu anayefunga kidonda. Nilisogea kuangalia. Saa nane, chumba cha ngazini. Ukumbini saa hiyohiyo aliandikwa mgeni wa kongamano, bingwa ambaye zana zake zinatumiwa na kila mtengeneza programu aliye hai.

Nilimtazama. Hakunitazama. Mwenyekiti aliambiwa kwamba asubuhi ukumbi umejaa, naye akakubali, kwa sababu ratiba alikuwa haelewi na anajua kwamba haelewi. Ratiba ikachapishwa, ikasambazwa kwenye simu.

Siku moja kabla ya kongamano, mchana, nilikuwa chini ya jukwaa la ukumbi mkubwa nikivuta nyaya. Mama Ratiba alikuwa anabandika namba kwenye viti vya mbele. Kitinda akaingia, begi bado mgongoni. Wala msidhani nilikuwa nadukiza. Mtu aliye chini ya jukwaa, waya kwenye meno, aende wapi?

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Nimeiona ratiba."

"Eeh. Chumba kile kizuri, kina utulivu."

"Kina jiko, dada."

Nilisikia namba zinaendelea kubandikwa, haraka kidogo kuliko mwanzo.

"Ukumbi ulijaa, mdogo wangu," alisema. "Si unawajua wadhamini."

"Mimi nimekula mezani kwako tangu sijajua kufunga viatu," alisema Kitinda. "Habari za saa nane nimezisikia kabla sijaota ndevu. Tulikuwa tunacheka wote. Chumba cha ngazini huwa ni cha nani, dada?"

Nilisikia namba nyingine ikikandamizwa kitini.

"Umenificha," alisema Kitinda.

"Nilikuogopea. Wewe hukuiona sura yako ile siku. Mimi niliiona."

"Na wewe hukuiona yako."

Hapo namba za viti zikakoma.

"Watu wanadhani nilisahau maneno," Kitinda alisema. Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya niache kuvuta waya. "Sikusahau. Nilikuwa naendelea vizuri, nikatupa jicho mlangoni, nikakuona. Umeziba mdomo kwa mkono, macho yamekutoka. Sura hiyo nilikuwa nimeiona mara moja tu. Siku uliyokuja kunichukua shuleni kuniambia mama hayupo tena."

"Kitinda."

"Nikajiuliza, sasa nani tena? Nikatafuta ni kitu gani kibaya kimetokea mle ndani. Sikukiona. Ikabidi kiwe ni mimi. Ulikuwa umeshaniombolezea, dada, na mimi bado nazungumza."

Nilisikia kiti kikilia, nikajua dada mtu amekaa.

"Sijui kama nitakuja kesho," aliendelea. "Kama ni kuzungumza pale, bora nibaki nyumbani. Kamati hawakujua ni mimi, wakasema ni nzuri. Wewe unajua ni mimi, ukasema nifichwe. Sasa nimwamini nani?"

Akatoka. Nilisubiri, nikasubiri tena, na mgongo uliponishinda nikatoka chini ya jukwaa nikiwa na vumbi kichwani. Mama Ratiba aliniona, wala hakushangaa. Alikuwa ameshikilia karatasi ya namba, anaikunja na kuikunjua.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Ni kweli nilikuwa na sura hiyo?"

Ningeweza kumwambia kwamba kutoka kibandani sikuuona mlango. Nilimwambia niliuona. Akatikisa kichwa, akainuka, akaenda ofisini, nami nikamfuata kwa sababu sikupenda anavyotembea.

Ratiba iliyokwisha kuchapishwa haiguswi. Hiyo ilikuwa kanuni yake kuu kuliko zile nyingine zote, na ndiyo iliyokuwa inamkosesha usingizi kila mwaka: kwamba dakika za mwisho mtu atagusa kitu na nyumba yote itaanguka. Sasa aliigusa mwenyewe. Aliing'oa kadi ya Kitinda, akaipeleka asubuhi, ukumbi mkubwa, kikao cha pili. Mdhamini aliyekuwa pale ikabidi asogezwe baada ya chai. Wa baada ya chai akagongana na mada ya usalama, na ya usalama haikuweza kwenda juu kwa sababu mzungumzaji wake anatembelea mkongojo. Ukivuta kadi moja, nyingine zote zinalia. Nilimshikia kadi mkononi kama mchezaji wa karata aliyekosea mchezo, yeye akisogea mbele na nyuma, jasho linamtoka, akinong'ona majina ya vyumba.

Mwakilishi wa mdhamini alikuja amefura. Alizungumza sana. Mama Ratiba alimsikiliza, akamwambia, "Nimekosa, na utakuwa baada ya chai." Yule bwana alikuwa amejiandaa kwa mabishano, akabaki hana pa kuyapeleka.

Kisha akaja mwenyekiti. "Si uliniambia ukumbi umejaa?"

"Nilikudanganya," alisema Mama Ratiba.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi tubandike matangazo milangoni," alisema, na akachukua gundi.

Mama Ratiba akamwandikia Kitinda ujumbe wa simu. Alinionyesha kabla hajautuma, niangalie kama una kitu cha kumtisha. *Ukumbi mkubwa, kikao cha pili asubuhi. Mimi sitakuwa ndani.* Nilimwambia hauna. Akautuma. Haukujibiwa alasiri ile, wala jioni, na kila simu yangu ilipotoa mlio alikuwa ananigeukia mimi, kana kwamba mdogo wake angenijibu mimi.

Asubuhi alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Macho mekundu. "Ameondoka nyumbani alfajiri," alisema. "Sijui kaelekea wapi. Sikumuuliza. Niliuma ulimi wangu, fundi."

"Asipokuja?"

"Nitampandisha mwenyekiti. Watu watalala mapema kidogo, basi."

Kikao cha kwanza kikaanza. Akaja kibandani, akasimama nyuma yangu, akatazama ukumbi kupitia vioo. Vioo hivyo vina giza. Ukiwa jukwaani huoni aliye ndani.

"Nikikaa hapa, hataniona," alisema.

Nilitaka kumwambia akae. Kwa kweli nilitaka, kwa sababu na mimi niliogopa kuwa peke yangu.

"Hapana," alijijibu. "Nimemwambia sitakuwa ndani." Akatoka, na sikujua alikoelekea.

Kikao cha kwanza kiliisha, watu wakaanza kubadilishana viti, na Kitinda hayupo. Nilianza kupanga namna ya kumwamsha mwenyekiti. Ndipo nikamwona anashuka katikati ya viti, begi mgongoni, shati limelowa kwapani. Nilishuka kumfunga kipaza sauti kidogo cha kwenye kola. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka nikausikia kwenye vidole vyangu.

"Fundi, dada yuko wapi?"

"Sijui. Alisema hatakuwa ndani, na hayumo."

Alitazama mlangoni hata hivyo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Akaanza kwa sauti ya chini. Alieleza habari ya muuguzi mmoja katika zahanati ya mbali, mtandao umekatika, mstari wa wagonjwa umefika nje. "Mgonjwa haulizi kama mtandao upo," alisema, "anauliza dawa." Watu wakainua vichwa. Akaonyesha jinsi programu yake inavyoweka kumbukumbu na kungoja, na jinsi inavyojua kipi kiliandikwa kwanza. Nilianza kupumua.

Halafu akanyamaza.

Katikati ya sentensi, kama mwaka juzi. Mkono hewani. Vidole vyangu vilikuwa kwenye vitufe vyote nilivyonavyo na hakuna kitufe cha jambo hilo. Mtu mmoja safu ya mbele akakohoa. Mwingine akatoa simu mfukoni, na wallahi kama ningekuwa karibu ningempokonya. Kitinda alitazama mlangoni. Mlango uliofungwa, hakuna mtu. Akautazama muda mrefu. Nilitaka ufunguke, niseme ukweli, nilitaka aingie yule mama akimbie mpaka jukwaani aseme chai iko tayari, tuokoke sote.

Kitinda akachukua glasi, akanywa maji. Akaiweka chini.

"Samahani," alisema. "Mwaka juzi niliishia hapahapa. Ngojeni nipite."

Ukumbi ukacheka, kile kicheko cha watu wanaomtakia mtu mema, naye akacheka, na akapita. Baada ya hapo alizungumza kama mtu anayeeleza njia ya nyumbani kwao. Maswali yalikuwa mengi hata mdhamini wa baada ya chai akaja kusimama mlangoni akiangalia saa.

Nilimkabidhi mwenzangu kibanda, nikaenda kumtafuta Mama Ratiba. Hakuwa ofisini. Hakuwa kwenye ngazi. Nilimkuta nyuma kabisa, kwenye ua wa jiko, ambako wanaosha vyombo. Walikuwa wamempa kitambaa na yeye alikuwa anafuta vikombe, amelowa tumboni, amepanga vikombe kwa mistari iliyonyooka.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha. Watu wamemzunguka, hapiti."

Alifuta kikombe. "Alinyamaza?"

Ningeweza kumdanganya. "Alinyamaza. Katikati."

Kikombe kikasimama mikononi mwake. "Nani alimsaidia?"

"Hakuna."

"Mwenyekiti?"

"Hakuna mtu, mama. Alikunywa maji, akaendelea."

"Hakuna mtu," alirudia taratibu, akakaa kwenye kreti la soda, kikombe kikiwa mapajani, akalia. Alilia bila kujificha, mbele ya waosha vyombo wote. Nilimuuliza kama ni furaha. Akasema ni furaha, hajawahi kufurahi hivyo, ila inamuuma, kwa sababu mwaka juzi kumbe ilibidi angoje kidogo tu, mtoto anywe maji.